Jina la Mungu Sokoni

Wako watu wasemao kwamba dini ni siri baina ya mtu na Muumba wake, na kwamba jinsi mtu apimavyo maharagwe, alipavyo madeni yake, au asemavyo na karani wa ofisi si sehemu ya ibada yake. Neno hili huvuma sana siku hizi, na husemwa na watu wazuri, wenye elimu na heshima zao. Mimi naona ni uongo, tena ni uongo wenye hasara kubwa. Nataka, msomaji, kukuonyesha ubaya wake kwa hoja, na ukiniona nimekosea unayo ruhusa ya kunipinga; lakini nakuomba unisome kwanza hata mwisho.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe, maana si adabu kuwahukumu wengine kabla mtu hajajitia kizimbani.

Kabla sijahamia chuo cha ualimu, nilifundisha katika shule moja isiyo mbali na Kabati, katika njia itokayo Kitui kwenda Migwani. Nilikuwa kijana, na kila asubuhi mimi ndiye niliyeongoza sala mbele ya wanafunzi wote. Nilikuwa na desturi ya kuchukua nyama kwa deni katika bucha moja pale sokoni, na mwisho wa mwezi hulipa. Mwezi mmoja nilinunua simu mpya, na fedha za nyama zikawa hazipo. Mwezi wa pili fedha zilikuwapo, lakini niliona haya kulipeleka deni la miezi miwili kwa mara moja. Basi nikaanza kupita njia ya uchochoroni, nyuma ya maghala ya ndengu, ili mwenye bucha asinione. Asubuhi niliomba Mungu mbele ya watoto mia tatu, na jioni nilijificha kwa ajili ya kilo chache za nyama.

Siku moja tulikutana uso kwa uso kituoni, nami sikuwa na pa kukimbilia. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee," akaitikia kwa upole. Kisha akasema, "Mwalimu, si fedha inayoniuma. Mama watoto amekuwa akiniambia twende siku moja huko kanisani kwenu, nami nilikuwa karibu kukubali. Sasa nitamwambia nini?"

Nililipa deni lile jioni ile ile. Lakini swali lake sikuweza kulilipa, na ndilo lililoniandikisha maneno haya.

Miaka ilipita, nikawa mwalimu wa walimu. Katika kusoma habari za dini mbalimbali nilikutana na jambo lililonishtua. Katika karne ya 3, huko Babeli, nchi ambayo leo imo katika Iraki, aliishi mwalimu mkuu wa Wayahudi aliyeitwa Rav. Wanavyuoni wa zama zile walijadiliana ni tendo gani hasa lilinajisilo jina la Mungu mbele ya watu. Wewe na mimi tungetazamia jibu zito: kuabudu sanamu, labda, au kuukana uungu hadharani. Rav hakwenda mbali hivyo. Alitoa mfano wake yeye mwenyewe, akasema ni kama mtu wa cheo chake kuchukua nyama kwa mwenye bucha asimlipe papo hapo. Nilifunga kitabu nikatoka nje kupunga upepo. Miaka elfu moja na mia saba imepita, na mwenye bucha wa Babeli na mwenye bucha wa Kabati wanashtaki shtaka moja.

Kwa nini mwalimu yule aliogopa deni dogo kuliko dhambi kubwa? Kwa sababu alijua jinsi watu wasomavyo. Walio wengi hawasomi vitabu vitakatifu. Wanamsoma yule avishikaye. Mwenye bucha akimwona mcha Mungu anachelewesha haki yake, hufikiri kwamba katika dini ile kuchukua mali ya mtu si jambo kubwa. Basi naye hulegea, na mtoto wake anayesimama kando ya mizani hulegea zaidi.

Wayahudi wanayo maneno mawili juu ya jambo hili, na ni vema uyajue. Tendo linalowafanya watu wamsifu Mungu huitwa kwa Kiebrania kidushi hashemu, yaani kulitakasa Jina. Na tendo linalowafanya watu wamdharau huitwa hiluli hashemu, yaani kulinajisi Jina. Asili ya maneno haya imo katika Torati, katika sura ya 22 ya Mambo ya Walawi, ambamo wana wa Israeli wameamriwa wasilitie unajisi jina la Mungu bali litakaswe kati yao. Nabii Ezekieli, aliyekuwa pamoja na mateka wa Babeli katika karne ya 6 kabla ya Kristo, aliwashutumu ndugu zake kwamba mataifa walikokwenda waliutazama mwenendo wao na maafa yao wakalidharau jina la Mungu wao. Paulo, aliyekuwa Myahudi pia, aliirudia shutuma hiyo katika waraka wake kwa Warumi. Kwa hiyo fundisho hili si mali ya geni kwa Mkristo. Tumelirithi, ila tumelisahau darini.

Labda utasema: kulitakasa Jina ni kazi ya mashahidi wa imani, si kazi ya mtu aendaye sokoni. Ni kweli kwamba Wayahudi humhesabu mwalimu Akiva, aliyeuawa na Warumi yapata mwaka 135, kuwa mfano mkuu wa mtu aliyelitakasa Jina kwa kifo chake. Lakini Musa Maimonides, mwanasheria na tabibu aliyeishi Misri na kufariki mwaka 1204, alipoipanga sheria hii hakuishia kwa wafia dini. Alikwenda hata kwa mtu mwenye elimu na sifa ya ucha Mungu anunuaye kitu asilipe kwa wakati hali fedha anazo, na hata kwa yule asiyesema na watu kwa upole wala kuwapokea kwa uso mkunjufu. Mtu huyo, alifundisha, analinajisi Jina ingawa hakuvunja amri nyingine yoyote. Na kadiri elimu yake ilivyo kubwa ndivyo analotazamiwa linavyozidi.

Tafakari basi. Kufa kwa ajili ya Mungu ni jambo la siku moja, na wachache mno huitwa kulifanya. Kulipa deni ni jambo la kila mwisho wa mwezi, na sisi sote tumeitwa. Ndiyo maana tunapenda sana kuzisifu habari za mashahidi: hazitudai kitu.

Nikupe kisa kimoja cha upande wa pili. Katika karne ya 1 kabla ya Kristo alikuwako mwalimu mmoja, Shimoni bin Shetaki, aliyejipatia riziki kwa biashara ya kitani. Wanafunzi wake walimhurumia kwa kazi ile ngumu, wakamnunulia punda kwa Mwarabu mmoja. Walipomtazama punda waliona johari limening'inia shingoni mwake. Walirudi kwa furaha wakamwambia mwalimu kwamba sasa dhiki imekwisha. Yeye aliuliza swali moja tu: muuzaji alijua? Wakasema la. Akawaamuru walirudishe. Walimhoji kwamba sheria ingeweza kumruhusu kulichukua, lakini yeye hakutafuta kile sheria ilichoruhusu. Alitaka kumsikia mgeni yule akimsifu Mungu wa Wayahudi, na sifa hiyo aliiona bora kuliko mali yote ya dunia. Nayo aliipata.

Ukisema hayo ni ya kale, na kwamba siku hizi hakuna arudishaye johari, nitakukumbusha la juzi. Mwezi wa Novemba mwaka 2024, Rais William Ruto alitoa fedha katika kanisa moja la Kikatoliki la Soweto, mtaa wa Kayole, Nairobi. Askofu Mkuu Philip Anyolo akaagiza fedha hizo zirudishwe. Wako waliomlaumu wakasema kanisa lilikuwa na haja nazo. Bila shaka lilikuwa na haja. Shimoni naye alikuwa na haja. Lakini watu waliokuwa wamekwisha kata tamaa walisimama wakatazama tena.

Sasa turudi Kabati. Njoo siku ya soko utembee nami polepole. Utaona duka lililoandikwa juu ya mlango sifa za Mungu kwa rangi ya samawati, na ndani yake gorogoro iliyobonyezwa kitako ili isijae sawasawa. Utaona gari la abiria lenye jina la Bwana kioo cha mbele, na utingo wake anamtukana bibi kizee aliyepungukiwa shilingi kumi. Utamsikia mnunuzi wa ndengu akimwapia mkulima kwa Mungu aliye hai kwamba bei imeshuka Nairobi, hali amekwisha pigiwa simu kwamba imepanda. Sisemi wote ni hivyo. Wako wapimaji wa haki, nami nawajua, nawe unawajua. Nasema tu kwamba hao wengine hawakosi ibada ya Jumapili, wala hakuna awaulizaye.

Wazee wa Kikamba walikuwa na kiapo cha kithitu. Mashauri mazito yaliamuliwa kwacho, kwa kuwa iliaminiwa kwamba mtu alaye kiapo hicho kwa uongo ataangamia, yeye na jamaa zake. Hata leo utampata mtu ambaye ukimtajia kithitu hugutuka na kurudi nyuma, lakini ukimwambia aape kwa Mungu huapa upesi kabla hujamaliza kusema. Sikutaki urudie kithitu. Nakutaka uone aibu iliyomo katika jambo hili. Tulipoipokea imani mpya tulisema tumempata Mungu mkuu kuliko kithitu. Inakuwaje basi jina lake yeye ndilo liwe jepesi vinywani mwetu? Jibu ni kwamba tumelifanya jepesi sisi wenyewe, kidogo kidogo, gorogoro kwa gorogoro.

Hapa mpinzani wangu atasimama na hoja yake. Atasema: Mungu ni mkuu, hapunguzwi na uovu wa mwanadamu wala haongezwi na wema wake, gorogoro yangu itamdhuru vipi? Namjibu kwamba amesema kweli katika nusu ya kwanza. Mungu hapungukiwi. Anayepungukiwa ni yule bibi kizee. Yeye alikuwa na vitu viwili alipokuja sokoni, debe lake la kunde na tumaini lake kwamba yuko amtazamaye kwa haki. Wewe ulipompunja huku ukimtaja Mungu ulimwibia vyote viwili, na hicho cha pili hakuna mahakama iwezayo kukirudisha. Mwizi asiyetaja dini huiba kunde tu.

Lakini fundisho hili zuri lina hatari mbili, na nisipozitaja nitakuwa nimekupa kisu bila kukuonyesha makali yako upande gani.

Hatari ya kwanza ni kuficha. Kuna watu wasikiao kwamba maovu ya waumini hulitia Jina unajisi, wakaamua kuyafukia maovu ili watu wasijue. Hivyo ndivyo ilivyotokea mahali pengi, katika dini nyingi. Huko Australia, tume kubwa ya serikali iliyofanya kazi tangu mwaka 2013 hata 2017 ilichunguza jinsi watoto walivyodhulumiwa katika taasisi za dini na za umma. Ilisikiliza habari za makanisa mengi, na mwezi wa Februari 2015 ilisikiliza pia habari za taasisi mbili za Kiyahudi, moja ya Melbourne na moja ya Sydney. Ilielezwa mbele ya tume kwamba watu waliothubutu kusema walitengwa na jamaa zao, wakaonekana wasaliti waliowaaibisha ndugu zao mbele ya wageni. Tazama jinsi mambo yalivyogeuzwa! Aliyeumizwa ndiye aliyeshtakiwa kuwa amelinajisi Jina, na aliyeumiza alifunikwa blanketi.

Sisi je, tunao ujasiri wa kuwacheka? Ni mara ngapi hapa kwetu umesikia neno hili, "Tuyamalize nyumbani, tusiliaibishe kanisa"? Msichana ameharibiwa masomo yake, na wazee wa dini wameketi chini ya mti wakipanga idadi ya mbuzi. Wanavyuoni wa Kiyahudi wa kale walikwisha litolea jambo hili kanuni ambayo ingetufaa sana: pale ambapo jina la Mungu linanajisiwa, hapana heshima ya kumpa mwalimu, hata awe mkubwa namna gani. Na marabi wengi wa siku hizi wameisimamia kanuni hiyo wakasema wazi kwamba kuficha ndiko unajisi wenyewe. Uovu hunuka tangu siku ulipotendwa. Kufungua dirisha si kuleta uvundo, ni kuutoa.

Hatari ya pili ni ya upande wa mtazamaji, nayo ni kuhukumu taifa zima kwa tendo la mtu mmoja. Mwezi wa Desemba 2008 alikamatwa New York Bernard Madoff, Myahudi aliyewadanganya watu mabilioni ya dola. Na miongoni mwa aliowanyang'anya zilikuwamo taasisi za hisani za Wayahudi wenzake. Wayahudi wengi waliona haya kubwa, wakasema Jina limenajisiwa. Haya hiyo ni njema. Ni kama haya ya ukoo wa Kikamba ambao zamani, mmoja wao alipoua, wote walichanga ng'ombe za fidia. Lakini wako na watu wengine waliosema, "Mnaona? Hivyo ndivyo walivyo Wayahudi." Maneno hayo si hukumu ya haki, bali ni chuki iliyokuwa ikingojea kisingizio. Haya ya ndugu ni yao wenyewe kuichukua. Hatia ni ya mtenda peke yake.

Kenya tunajua mwisho wa njia hiyo. Tarehe 28 Novemba 2002, huko Kikambala, kaskazini ya Mombasa, gari lenye bomu liliingizwa katika hoteli iliyokuwa mali ya Waisraeli. Waliouawa walikuwa 13: Waisraeli 3 na Wakenya 10, ambao baadhi yao walikuwa wacheza ngoma waliokuja kuwapokea wageni. Waliolipua walidhani wanalipiza kisasi juu ya taifa. Waliua watoto na wacheza ngoma. Na waliitendea kazi hiyo jina la Mungu! Sijui kama kuna unajisi uupitao huo. Waislamu wengi wa pwani walioona uchungu siku ile walipata taabu ile ile ninayokueleza: walitazamwa kwa jicho baya kwa ajili ya tendo ambalo hawakulitenda wala hawakulipenda.

Basi shika kipimo hiki, nacho ndicho kiini cha insha yangu. Fundisho la kulitakasa Jina ni mzigo wa kujitwika, si mzigo wa kumtwika mwenzako. Mimi nijiulize: tendo langu litamfanya jirani aionaje imani yangu? Hilo ni wajibu. Lakini nikimtazama mtu wa imani nyingine nisiseme: tendo lake linanionyesha jinsi wenzake wote walivyo. Huo ni udhalimu. Ukiyageuza haya mawili, ukajisamehe mwenyewe na kuwahukumu wengine kwa jumla, utakuwa umeigeuza dawa kuwa sumu.

Usidhani kwamba habari hizi ni za watu wa mbali tu. Vuka mpaka wa Malaba uingie Uganda, na karibu na mji wa Mbale utawakuta Waafrika wanaoishika dini ya Kiyahudi, waitwao Abayudaya. Mwanzilishi wao alikuwa Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuieneza serikali yao mashariki ya Uganda, kisha akakosana nao. Mwaka 1919 alitahiriwa yeye na wanawe, akaifuata Torati, na watu wakamfuata. Naye alifariki mwaka 1928. Jamii ile ndogo ilidhihakiwa na majirani kwa miaka mingi. Idi Amin alipotawala, kuanzia 1971 hata 1979, aliipiga marufuku dini yao, masinagogi yakafungwa, wengi wakaiacha, wakabaki mia chache waliosali kwa siri.

Amin alipoondoka, watu hawa wachache wangeweza kujifungia na kinyongo chao, na nani angewalaumu? Lakini sikiliza walilotenda. Mmoja wao, J. J. Keki, alikuwa New York tarehe 11 Septemba 2001, akayaona kwa macho yake mashambulio ya siku ile. Alirudi kijijini akaenda mlango kwa mlango kwa jirani zake Wakristo na Waislamu, na mwaka 2004 wakaunda pamoja chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa. Waliuita Mirembe Kawomera, maana yake amani tamu, na uongozi wake ukagawanywa baina ya watu wa dini zote tatu. Kahawa yao ikapata mnunuzi huko California, na bei ikawa nzuri kuliko ya walanguzi. Kadhalika jamii hiyo iliendesha shule ambazo watoto wa Kikristo na wa Kiislamu walisoma pamoja na wa Kiyahudi, na mwaka 2010 kilifunguliwa Mbale kituo cha afya cha kutibu watu wa dini zote.

Hakuna aliyesimama juu ya kilima kumhubiria Mwislamu wa Mbale kwamba Mungu wa Wayahudi ni mwema. Mwislamu yule alipeleka kahawa yake kwenye mizani, akaona mizani ni ya haki, akapewa fedha yake yote. Mama Mkristo alipeleka mtoto mwenye homa, akatibiwa bila kuulizwa anaabudu wapi. Dhihaka za zamani hazikujibiwa kwa maneno; zilikosa pa kusimama. Hicho, msomaji, ndicho kidushi hashemu katika udongo wetu wa Afrika Mashariki.

Sasa wewe, uliyeko darasani, huna bucha wala ghala. Utasema mambo haya yatakuhusu ukiwa mkubwa. La hasha! Wewe unaimba katika kwaya, na jana ulinakili majibu ya jirani yako. Wewe ni kiongozi wa chama cha Wakristo au cha Waislamu shuleni, na unamnyanyasa mwanafunzi mdogo bwenini. Wewe umevaa msalaba shingoni, na ulipomnunulia mama sukari ulirudisha chenji pungufu. Yuko mtu anayekutazama. Huenda ni mpishi wa shule, huenda ni yule mwenzako asiye na dini anayejiuliza kimya kimya kama iko kweli yoyote katika mnayoyaimba. Hatauliza. Atakutazama tu kwa muhula mmoja au miwili, kisha ataamua.

Wala usijibu kwamba ili kuepuka hatari hii utaacha kuitaja dini yako hadharani. Huo ni ujanja wa mdaiwa apitaye uchochoroni, nami najua njia hiyo inavyonuka. Itaje, kisha uilipie.

Mwisho nitakuambia habari ya mzee wangu wa bucha, maana huenda unangoja kusikia kwamba aliingia kanisani. Hakuingia. Nilimlipa fedha yake, akazihesabu, akanishukuru, akanikatia nyama nzuri. Kila nipitapo Kabati huenda kumsalimu, nasi huzungumza habari za mvua na bei ya ng'ombe. Mkewe husali peke yake. Mimi hulipa papo hapo, kabla nyama haijafungwa, na yeye hucheka akisema, "Mwalimu, siku hizi una haraka." Sijamwambia sababu. Natumaini siku moja ataijua bila kuambiwa.